Ukiachiwa Nyumba ya Mtu Moshi au Arusha: Namna ya Kufungasha na Kuingia na Mizigo Yako

Desemba inapokaribia, familia nyingi za Moshi mjini na Arusha hufunga safari ya kupanda Marangu, Rombo, Kibosho, Uru au Machame kula Krismasi kwenye kihamba cha wazee, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na nyumba zao za mjini hubaki zikihitaji mtu wa kulala ndani, kuwasha taa jioni, kumlisha mbwa na kumwagilia bustani. Wapo pia wanaoachiwa nyumba kwa sababu nyingine: mwenye nyumba amekwenda Dar es Salaam kwa matibabu, amepata masomo ya miezi sita, amekwenda Hija, au amehamishwa kikazi na bado hajaamua kuipangisha. Anayeachiwa kwa kawaida ni ndugu, rafiki wa kanisani au msikitini, mfanyakazi mwenzake, au kijana wa mtaani anayeaminika. Husemwa mengi kuhusu namna ya kuitunza nyumba ya namna hiyo, lakini husemwa machache kuhusu mizigo anayoingia nayo mwangalizi, ingawa manung'uniko mengi huanzia huko: shuka iliyopotelea kwenye kabati la wenyewe, sufuria isiyojulikana ni ya nani, chaja iliyoondoka na mgeni.

Msingi wa mwongozo huu ni mmoja. Fungasha kwa namna ambayo vitu vyako na vitu vya nyumba havitachanganyika hata siku moja, tangu unapoteremsha begi getini mpaka unapolipakia tena kurudi kwako. Katika jamii yetu, ambako kuazimana chumvi na ndoo ni jambo la kila siku, msingi huu unaweza kuonekana mkali, lakini ndio unaomlinda mwangalizi wakati mwenye nyumba anaporudi na kukuta kitu kimepungua.

Hatua ya kwanza: itembelee nyumba kabla ya kufunga hata mkoba mmoja

Usifungashe kwa kubahatisha. Omba kuipita nyumba pamoja na mwenyewe, angalau wiki moja kabla hajaondoka, na uende na daftari. Si utovu wa adabu kuuliza, mradi uulize kwa heshima na mapema. Unaweza kumwambia, "Shikamoo mama. Naomba kujua kitanda cha chumba nitakacholala ni futi ngapi, nije na shuka zinazokitosha." Atakuitikia marahaba na kukujibu kwa moyo mweupe, kwa sababu swali hilo linamwonyesha kwamba hukusudii kufungua kabati lake la mashuka.

Swali la kitanda si dogo. Vitanda vya kwetu hupimwa kwa futi, na tofauti kati ya tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita na sita kwa sita ndiyo inayoamua ubebe shuka gani na chandarua cha ukubwa gani. Shuka ya nne kwa sita haifiki pembeni mwa godoro la sita kwa sita, na mwangalizi aliyekosea kipimo hujikuta analalia godoro la watu likiwa wazi, au anaazima shuka ambayo mwenyewe hakumpa.

Kisha uliza chumba utakachokitumia na vyumba vitakavyofungwa. Uliza jiko ni la gesi au la umeme, mtungi ni wa kilo ngapi na ulijazwa lini. Uliza maji hutoka siku zipi na kama kuna tangi la akiba. Uliza mita ya umeme ya LUKU iko wapi, na uinakili namba yake. Uliza kuhusu mbwa, kuku, ng'ombe wa ndani kama yupo, na vyungu vya maua. Kila jibu litapunguza au kuongeza kitu kwenye begi lako: nyumba yenye ng'ombe inataka buti za mpira na ovaroli, na nyumba yenye mbwa mkali inataka ufike mara mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, akuzoee ukiwa na mwenyeji wake.

Uliza pia mambo yasiyokaribishwa katika nyumba hiyo. Kwa Waislamu, usiingie na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hata kama kimefungwa vizuri na unakusudia kukila peke yako. Sufuria moja iliyopikiwa nyama hiyo ni hasara ya jiko zima. Nyumba nyingi za Wasabato hazitaki nyama hiyo wala pombe, na zipo nyumba nyingine nyingi, za dini yoyote, ambazo mwenyewe hataki chupa ya bia au kibuyu cha mbege kionekane mezani pake. Jambo hili halihitaji mjadala. Nyumba ni yake, nawe umekubali kuingia.

Hatua ya pili: pima hali ya hewa ya mahali penyewe

Watu wa mbali huchukulia Moshi na Arusha kuwa mji mmoja wa baridi, jambo ambalo si kweli. Moshi mjini uko katika mwinuko wa mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, na Arusha uko mita 1,400 hivi. Kwa hiyo Januari na Februari mtu anayelala Pasua au Majengo, Moshi, anaweza kutoa jasho usiku kucha akitamani feni, ilhali mwenzake wa Ilboru au Sekei, Arusha, anajifunika blanketi. Ukipanda Kibosho au Marangu, baridi huongezeka kwa kila kilomita.

Kati ya Juni na Agosti, beba blanketi lako zito, sweta mbili, soksi za kulalia na kofia ya sufu, hasa kwa upande wa Arusha, ambako usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Katika miezi hiyo hiyo wingu hufunika mji tangu alfajiri hadi mchana, na nguo zilizofuliwa huchukua hata siku mbili kukauka. Ndiyo maana nashauri jozi mbili kamili za shuka na taulo mbili, hata kama mzigo utakuwa mzito kidogo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo miezi ya buti za mpira na mwavuli, kwa kuwa udongo mwekundu wa miteremko hii hunata kwenye kiatu na kuacha alama kwenye sakafu ya vigae na kwenye zulia. Chandarua kibebwe majira yote ukienda Moshi na vitongoji vyake vya chini, kwa sababu mbu wa malaria wapo, na chandarua cha watu mara nyingi kimetoboka mahali usipopaona mpaka usiku.

Hatua ya tatu: beba chako kwa kila kinachogusa mwili na mdomo

Kanuni hii ni rahisi kuikumbuka, na inatatua nusu ya maswali ya kufungasha. Chochote kinachogusa ngozi yako au kinywa chako kitoke kwako: shuka, foronya, blanketi, taulo, kandambili za bafuni, dodoki, mswaki, kitana, kikombe, kijiko, sahani moja au mbili, na kopo la kuogea. Vitu ambavyo vimekaa na nyumba, kama vile kitanda, godoro, meza, jiko, friji na kochi, utavitumia kwa ruhusa na kwa uangalifu. Mto uwe wako ukiweza; kama haiwezekani, ule wa nyumba uvalishe foronya mbili, moja juu ya nyingine.

Kanga ni mkombozi wa mwangalizi, na sioni haya kuisifu. Doti moja ya kanga hufunika kochi unapokaa umevaa nguo za kazini, huwa taulo ya dharura, huwa pazia la muda, hufungia nguo chafu, na haichukui nafasi hata ya kitabu. Kwa mwanamume, kikoi hufanya kazi hiyo hiyo. Tandika kanga juu ya kiti utakachokizoea, nawe utamrudishia mwenyewe kochi lisilo na doa.

Dawa unazotumia kila siku zifungashwe kwa idadi ya siku utakazokaa na ziada ya wiki moja, pamoja na cheti cha daktari na kadi ya bima. Usitegemee kabati la dawa la nyumba ya mtu, kwani humo mna historia ya magonjwa ya familia nyingine ambayo haikuhusu.

Hatua ya nne: safisha mizigo kabla ya kuipeleka

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana ni jambo linaloonewa aibu na kwa sababu hiyo halisemwi. Kunguni husafiri kwenye mabegi. Hujificha katika mishono ya begi, kwenye pindo za blanketi, kwenye godoro na ndani ya vitabu vya zamani, na mtu anayetoka bweni la chuo, nyumba ya wageni au chumba cha kupanga anaweza kuwapeleka katika nyumba safi bila kujua. Mwenye nyumba atakayerudi Januari na kuanza kuumwa usiku hatakumbuka ulivyomwagilia maua yake.

Siku tatu kabla ya kuhamia, fua kwa maji ya moto nguo zote zinazostahimili, zianike kwenye jua kali, kisha zipige pasi ukikazia kwenye mishono na pindo, kwa sababu joto kali huua wadudu na mayai yao. Begi lenyewe likung'ute nje, lisugue kwa brashi kwenye mishono na zipu, na uliache juani huku limefunguliwa wazi. Godoro lako usilibebe kabisa, hata kama la nyumba halikupendezi. Maboksi ya kadibodi uliyoyaokota dukani nayo yana balaa lake, yaani mende na mayai yake. Ukilazimika kuyatumia, yafungulie nje ya mlango, hamisha vitu kwenye beseni, na boksi lenyewe lisivuke kizingiti.

Hatua ya tano: tia alama na uandike orodha

Akina mama wa kwetu walishalitatua tatizo hili siku nyingi. Vyombo vinapoazimwa kwa ajili ya msiba au harusi, kila mmoja hutia alama ya rangi ya kucha chini ya sufuria zake, na shughuli ikiisha kila chombo hurudi kwa mwenyewe bila ubishi. Fanya hivyo hivyo. Chagua rangi moja, tia nukta chini ya kila chombo, kwenye chaja, kwenye tochi, kwenye mpini wa kisu na kwenye kifuniko cha ndoo. Kwenye shuka na taulo shona uzi wa rangi hiyo katika pembe moja.

Najua faida yake kwa kukosa kuifanya. Mama yangu mdogo aliniachia nyumba kwa wiki tano, nami nikaingia na sufuria mbili za kawaida zisizo na alama, zinazofanana kabisa na za kwake. Nilipoondoka nilichukua mbili nilizoamini ni zangu. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa kwake tena, niliona chini ya moja ya sufuria zake mkwaruzo ninaoufahamu, na nikajua kwamba ile iliyokuwa nyumbani kwangu, nzito na mpya zaidi, ilikuwa yake. Hakuwahi kusema neno. Niliirudisha siku ya pili yake, lakini bado hujiuliza alikuwa akiwaza nini miezi yote ile kila alipoipikia ile nyepesi.

Orodha iandikwe kwenye daftari katika safu mbili: upande wa kushoto vitu unavyoingia navyo, upande wa kulia vitu vya nyumba ulivyoruhusiwa kutumia. Usiandike "nguo" au "vyombo" kwa jumla, bali andika "shuka mbili za bluu, futi tano kwa sita" na "sufuria moja ya lita tatu, ina mfuniko". Siku ya kukabidhiwa, pita tena na mwenyewe, mpige picha kila chumba kwa simu, hasa sehemu zilizokwisha kuharibika, kama vile kioo chenye ufa, kochi lililochanika au bomba linalovuja, kisha umtumie picha hizo hapo hapo mbele yake. Wengine huona kufanya hivyo kwa ndugu ni kutoaminiana. Kwa maoni yangu ndugu ndio wanaohitaji zaidi karatasi, kwa sababu ugomvi wao hauna mahakama na hauishi.

Hatua ya sita: panga mabegi kwa mpangilio wa kuyafungua

Mabegi mawili yanatosha kwa mwezi mmoja: moja kubwa la nguo na matandiko, lenye zipu inayokubali kufuli, na moja la vitu vya jikoni. Shangazi kaja, lile begi la plastiki la kufumwa, ni zuri kwa matandiko kwa kuwa ni jepesi na hukunjwa baada ya kutumika, ila zipu yake ni dhaifu, kwa hiyo lizungushie kamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo vitu vidogo vitie kwenye vikapu au mifuko ya kitambaa.

Zaidi ya hayo, tenga mkoba mdogo wa usiku wa kwanza, usioachana nao njiani. Ndani yake mwe na funguo, kitambulisho cha NIDA, dawa, tochi iliyochajiwa, chaja, nguo za kulalia, sabuni, maji ya kunywa, mkate au chakula kisichohitaji kupikwa, na fedha kidogo za umeme. Mara nyingi mtu hufika jioni akakuta umeme umekatika au uniti zimekwisha, na akilazimika kufungua mabegi yote gizani ndipo vitu vinapotawanyika sebuleni pa watu.

Ukisafiri kati ya Moshi na Arusha, safari ya kilomita 80 hivi, begi kubwa litiwe kwenye buti la gari na mkoba mdogo uukumbatie mwenyewe. Kutoka stendi chukua bajaji. Bodaboda yenye mabegi mawili ni hatari kwako na kwa vyombo. Jitahidi kufika mchana, majirani wakuone unaingia na mizigo yako na mwenyeji akutambulishe, kwa sababu anayeonekana akiingia usiku na mabegi makubwa katika nyumba ambayo wenyewe hawapo ni haki yake kuulizwa.

Hatua ya saba: jikoni, umeme na maji

Ingia na chakula chako mwenyewe, lakini kwa vipimo vidogo: kilo mbili za unga, mbili za mchele, nusu lita ya mafuta, sukari, chumvi na majani ya chai kwenye makopo yenye mifuniko. Mboga na matunda utanunua huko huko. Anayekaa Arusha ana soko la Kilombero, na hapana haja ya kubeba mkungu wa ndizi kuupeleka nchi ya ndizi. Omba rafu moja ya friji na rafu moja ya kabati, na ubaki humo. Mwenyewe akikuambia ule vilivyomo visiharibike, muulize ni vipi hasa, na uandike.

Kuhusu gesi, ninapendelea mwangalizi anayekaa zaidi ya wiki mbili aje na mtungi wake wa kilo 6 wenye jiko la kukalia juu yake. Mtungi wa nyumba utabaki ulivyo, na hakuna atakayekisia umetumia kiasi gani. Mtungi usafirishwe ukiwa umesimama, valvu imefungwa, na ukishauunganisha paka povu la sabuni kwenye maungio: mapovu yakifumka, gesi inavuja, funga na usiwashe chochote. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo mtungi usikae chumba cha kulala wala kwenye kona isiyo na upepo.

Jiko la mkaa lisiwemo kwenye mizigo yako kama unakusudia kujipashia moto chumbani. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Katika baridi ya Juni na Julai watu huingiza jiko lenye makaa mekundu ndani, hufunga madirisha na kulala, na mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Makaa kuacha kutoa moshi si dalili ya usalama. Beba blanketi la pili badala yake, na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni.

Umeme wa LUKU hulipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo mnapokabidhiana someni pamoja uniti zilizobaki na muziandike. Kabla ya kubeba kifaa chochote cha umeme, soma wati zake: zigawanye kwa 1,000, kisha zidisha kwa saa utakazokitumia, utapata uniti. Jagi la umeme la wati 2,000 likiwaka nusu saa kwa siku hula uniti 1, yaani 30 kwa mwezi, na hita ya chumba ya wati hizo hizo ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 10 kwa usiku mmoja. Chaja ya simu na taa ya kusomea hazina neno. Nunua umeme wako mwenyewe kwa namba ya mita uliyonakili, hifadhi ujumbe wenye tarakimu 20, na zinakili pia kwenye daftari. Soketi zetu nyingi ni za pini tatu za mraba, kwa hiyo mwenye vifaa vya pini mbili aje na adapta na ekstensheni yake, badala ya kuchomoa zilizokwisha kuchomekwa nyuma ya televisheni ya watu.

Maji yanahitaji maelezo zaidi kwa upande wa Arusha. Maji ya visima na chemchemi nyingi zinazozunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floridi yatokanayo na miamba ya volkano, na ndiyo yanayowaachia watu wengi wa huko meno ya rangi ya kahawia tangu utotoni. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki na kukolea zaidi. Mtu mzima anayekaa wiki tatu hana sababu ya hofu. Anayeingia na mtoto mdogo kwa miezi mingi, wakati meno ya kudumu yangali yakijengeka ndani ya fizi, amuulize mwenye nyumba familia hunywa maji gani, na aweke katika bajeti yake maji ya kunywa na kupikia ya chanzo kingine, au kichujio cha mkaa wa mifupa, ambao hunasa floridi. Vyovyote iwavyo, Moshi au Arusha, beba ndoo moja yenye mfuniko na dumu moja la lita 20, yote yametiwa alama, kwa siku ambazo bomba halitoi.

Hatua ya nane: kuingia

Ukishateremsha mizigo, usiitawanye. Kila kitu kikae katika chumba ulichopewa, nguo zibaki ndani ya begi au kwenye kamba na vibanio ulivyokuja navyo, na kabati la watu lisifunguliwe hata kama limeachwa bila kufuli. Begi liinue kutoka sakafuni kwa kulitia juu ya kiti au matofali mawili. Viatu vya nje viishie mlangoni. Bafuni, vitu vyako vikae kwenye kikapu kimoja unachoingia nacho na kutoka nacho, sabuni yako isikutane na yao.

Dhahabu, fedha taslimu nyingi, hati za kiwanja na vyeti halisi vya shule viache kwako au kwa mtu unayemwamini, kwani hutaweza kulinda nyumba ya mwenzako na hazina yako kwa wakati mmoja. Ufunguo usiutie kibandiko chenye namba ya nyumba wala jina la mtaa.

Mzigo mwingine ni mtu. Usiingie na mdogo wako, mchumba wako au rafiki aliyekosa pa kulala bila kumtaja kwa mwenye nyumba kabla, hata kwa usiku mmoja. Nenda na mwenyeji kwa mwenyekiti wa mtaa, au wa kitongoji ukiwa kijijini, akutambue kwa jina na kwa muda utakaokaa, na ujitambulishe kwa majirani wa pande zote. Kwenye jalada la daftari andika namba za mwenyewe, jirani, fundi bomba na fundi umeme wanaofahamika na nyumba hiyo, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Hatua ya tisa: kutoka

Anza siku mbili kabla. Fua shuka na taulo zako mapema, maana nguo mbichi haifungashiki. Siku yenyewe, soma safu ya kushoto ya daftari kitu kwa kitu ukikiweka begini, usifungashe kwa kumbukumbu. Kisha pita mahali ambapo vitu husahaulika: kamba ya kuanikia, nyuma ya mlango wa bafuni, chini ya kitanda, rafu ya juu ya friji, kila soketi, na bandani ulipoacha buti. Chakula kilichobaki ondoka nacho au mpe jirani. Kiporo kisimsubiri mwenye nyumba. Takataka zako zitolewe, kandambili zilizokatika zisiachwe uwani.

Safu ya kulia msome pamoja na mwenyewe akisharudi, mbele ya vyombo vyenyewe. Kilichovunjika kitaje wewe kwanza, ukiwa tayari umeshakinunua kingine au umeuliza bei yake. Mkabidhi ufunguo mkononi, si chini ya chungu cha maua wala kupitia duka la jirani, kisha mwende wote kwenye mita, msome uniti zilizobaki, na aziandike yeye mwenyewe katika daftari chini ya zile mlizoziandika siku uliyoingia.